Nyasi Zilizolala Uani Kisugu

Mwaka wa 1988, mvua za vuli zikielekea ukingoni, nami nikiwa na umri wa miaka thelathini na minane, nilitandika mapande ya nyasi, yaliyokatwa pamoja na udongo wake, katika uwanja wa nyumba yetu ya Kisugu. Mume wangu alikuwa amefariki mwezi wa Mei, na eda yangu ilikwisha Septemba. Uwanja ule ulikuwa mteremko mtupu, na kila mvua iliondoka na udongo wake. Upande wa chini msingi ulibaki wazi, na ufa ulipanda ukutani hadi dirishani. Misimu miwili zaidi ya mvua, nyumba ingetuangukia mimi na watoto.

Mwanangu, nakueleza haya kwa hasira, na hasira yangu ni ya haki. Juzi nimekuona umetandika nyasi mpya, na jioni ile ile ukaegesha gari juu yake, kiangazi kikiwa mlangoni.

Mimi nyasi nilizijua. Kabla ya kuolewa nilitunza bustani ya nyumba moja kule Nakasero. Nilijua kwamba pande jipya lina majuma machache tu ya kushika ardhi kabla jua halijawa kali. Nilimwagilia alfajiri, maji mengi mpaka yazame. Sikutia mbolea, kwa sababu huchochea majani mororo ambayo jua huyachoma mizizi ingali michanga. Sikuzikata fupi. Watoto walipita juu ya mbao nilizolaza ili wasizikanyage.

Desemba akaja shemeji yangu Twaha, kaka mkubwa wa marehemu, akitaka kumfanyia binti yake arusi uwanjani pale.

"Shemeji, wenzako hupanda ndizi wakala. Wewe nyasi. Unafuga mbuzi gani?"

"Mmoja," nilimjibu, "na leo amekuja mwenyewe."

Nilimsihi afanyie shughuli kwake. Akasema uwanja ni wa ndugu yake, na kwamba haombi ruhusa kwa mwanamke aliyeanza kusoma ukubwani. Neno hilo sijalisamehe hadi leo. Siku ya arusi wapishi wake walipanga mafiga upande wa juu, wakapika pilau na kumwaga maji ya moto papo hapo. Upande wa chini, penye ufa, nilisimama mwenyewe tangu asubuhi nikiwa na nguo zangu za kwendea arusini, na hakuna aliyethubutu kupita.

Januari uwanja wote ukageuka rangi ya majani makavu. Twaha akaliita baraza la mtaa, akidai kwamba nimeua uwanja, sijui kutunza nyumba, basi iuzwe, mimi na watoto turudi kwa wazazi wangu.

Mwenyekiti, Mganda mpenda utani, alizunguka akitazama. "Mama Hawa, pole. Hii nyasi imekufa. Mimi naona na macho yangu."

"Zimelala, ssebo," nikamjibu, nikimwita bwana kwa lugha yake. "Mwambie shemeji azing'oe."

Twaha akainama upande wa juu. Pande zima likainuka kama mkeka, vumbi likimwagika. Akacheka.

"Hapo ulipika wewe," nikamwambia. "Sasa njoo penye ufa."

Akavuta. Majani makavu yakakatikia mkononi mwake, udongo usitikisike. Akavuta kwa mikono miwili, mpaka akaketi chini kwa kishindo. Mwenyekiti akafukua kando kwa panga, tukaiona mizizi, myeupe na hai, imeingia chini kupita urefu wa kiganja.

"Eh, Twaha," akasema, "hii inashika nyumba kuliko wewe."

Basi sikiliza, mwanangu. Liondoe gari lako leo. Mwagilia alfajiri hadi mizizi ishike, uweke mbolea na makasi mbali hadi mvua zirudi. Zikikauka juu, usikimbilie jembe. Kwanza vuta uone. Na asikuamulie mtu kwamba kilicho chako kimekufa kabla wewe mwenyewe hujakivuta. Mwenyezi Mungu akujalie kushika ardhi kabla ya kiangazi chako, na watoto wako walale chini ya ukuta usio na ufa.

Tarehe 4 Februari 1989 baraza liliamua mbele ya watu wote kwamba nyumba ni ya watoto wa marehemu, mlinzi wake ni mimi, na Twaha atatandika upya palipoungua. Tukaitwa kutia saini. Nilianza mimi. Niliandika jina langu kamili, herufi baada ya herufi, bila haraka yoyote, Twaha akiwa amesimama pembeni akisubiri kalamu.