Zamu ya Kukosea

Walimwita Bi Rula, na jina halikumwonea. Mistari ya ubaoni aliipiga kwa rula, mkate wa asubuhi aliukata vipande sawasawa utadhani anaupima, na darasani kwake nzi akikohoa ungemsikia. Alianza kufundisha hesabu za darasa la tano akiwa msichana mwenye nywele nyeusi tii, na sasa mvi zilikuwa zimeshamiri. Aliuliza, "Nani anajua?" Mikono ya wale wale wa mbele ikapanda, wakajibu, akaridhika, somo likasonga.

Basi ukaja utaratibu mpya. Mwalimu mkuu aliwakusanya walimu ofisini akawaambia kwamba sasa watoto wakae kwa makundi, wajadiliane, wakosoane wenyewe. Mwalimu naye apime uelewa wao papo hapo, asingoje mtihani wa mwisho wa muhula. Mkaguzi angekuja kuangalia, na atakayeshindwa angeondolewa darasani, apewe kazi ya kutunza stoo ya vitabu.

"Bi Rula, ataanza na wewe," alisema, akiyakwepa macho yake.

Stoo! Bi Rula alirudi nyumbani roho mkononi. Asipokuwa na darasa, yeye ni nani?

Mumewe, fundi cherehani, alimkuta jikoni akiongea na sufuria.

"Unabishana na nani, mama watoto?"

"Nafanya mazoezi. Makundi yatazungumza, mmoja atakosea, wenzake watamrekebisha."

"Sasa utajuaje nani atakosea?"

"Nitampanga."

Fundi alicheka hadi akaketi sakafuni. "Mke wangu jamani! Hata kukosea kuna zamu?"

Hakumsikiliza. Wiki nzima, baada ya masomo, darasa lilifanya mazoezi ya kujadiliana. Kila mtoto alipewa la kusema, na wakati wa kulisema. Kazi ya kukosea alipewa msichana wa dawati la nyuma, ambaye wenzake walimwita Sijui kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila swali. Bi Rula aliona kazi hiyo haitamtoa jasho.

Siku ikafika. Mkaguzi, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya chini, alikikwepa kiti alichopangusiwa vumbi, akaenda kujibana na watoto wa kundi la nyuma. Bi Rula aliandika swali ubaoni: tatu gawanya kwa nusu. Majadiliano yalianza vizuri ajabu.

"Mwanangu, jibu ni ngapi?" mkaguzi alimuuliza Sijui.

"Moja na nusu."

"Kwa nini unasema hivyo?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Sijui alimtazama mwalimu, akatazama dari, mwisho akasema kwa adabu zote, "Shangazi, mimi nimepangiwa kukosea. Wa kupatia ni huyu hapa."

Mwenzake akaruka wima. "Sita!"

Bi Rula alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkaguzi alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. "Haya mwalimu," alisema, "sasa tuanze somo."

Bi Rula hakuwa na mpango tena. Aliweka rula mezani, akauliza swali ambalo hakukumbuka kama aliwahi kuliuliza maishani. "Nani hajaelewa?"

Mkono wa Sijui ukapanda polepole. "Mwalimu, mimi ile moja na nusu naona ndiyo sawa kabisa. Kugawanya si kupunguza? Mbona tunapata nyingi?"

"Hata mimi ile sita nimeikariri tu," akasema yule wa kupatia.

Bi Rula alifungua mdomo aeleze, akaufunga, na kuufunga kulimgharimu kuliko somo lolote. Akalipa kila kundi chaki tatu. Chaki nzima, yeye aliyezibania kama dhahabu! "Kila mtoto apate nusu. Zitawatosha wangapi? Zungumzeni."

Chaki zikavunjwa, darasa likawa soko. Bi Rula alipita kundi kwa kundi, akimuuliza kila mtoto, "Umejuaje?" Ghafla Sijui akainua vipande juu. "Kumbe hatuulizwi inabaki ngapi! Tunaulizwa ndani ya tatu mna nusu ngapi!" Akaanza kumweleza jirani yake, na jirani akamweleza mwingine.

Mkaguzi alifunga mkoba wake. Mlangoni alimwambia mwalimu mkuu, aliyekuwa akisubiri nje, "Stoo ya vitabu itafutie mtu mwingine." Bi Rula aliposikia hivyo alirudi kwenye makundi akitabasamu.

Kengele ilipolia, alimzuia Sijui kidogo. "Mbona siku zote hukuniuliza swali lile?"

"Siku zote ulikuwa unauliza nani anajua, mwalimu. Mimi sikuwa najua."

Bi Rula alivuta kiti akaketi kwenye lile dawati la nyuma, mahali ambapo hakuwa amewahi kuketi.

"Haya, niambie yote ambayo hujaelewa."

Msichana alimtazama kwa huruma. "Kwani mwalimu, nyumbani hawakungojei?"