Siku Tuliyomnawisha Mgeni Aliyekuwa Mombasa

Mimi ndiye yule mtu wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe huko Kisii, aliyesababisha kompyuta inawishwe kwa maji ya vuguvugu mbele ya halaiki, na nakiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana wengine huongeza chumvi (mimi naongeza kidogo tu, ya kuonja).

Kikundi chetu cha kuchonga mawe kina watu kumi na mmoja. Mwenyekiti ni Mzee Ombati, katibu ni mimi, kwa sababu nina cheti cha mawasiliano ya biashara nilichosomea jioni mjini Kisii, na cheti chenyewe nimekitundika juu sana pale sebuleni, hata twiga angelazimika kuinua shingo. Basi Bi Salma, mwenye duka la zawadi huko Mombasa, akawa anatafuta mafundi wa kumchongea mabakuli mia tatu, nami nikamwandikia kwamba tuko arobaini (kalamu iliteleza, ikateleza tena, ikasimamia arobaini). Akajibu kwamba Jumatano atatutembelea kwa video aione karakana yetu kabla ya kuamua. Na msimu ule hatukuwa na kazi nyingine hata ya kijiko, Mzee Ombati alishaanza kuutazama mgomba wake kama mtu anayeomba msamaha kabla ya kuukata.

Watu arobaini ningewatoa wapi? Nikaazima kwaya ya kanisa. Kila mwimbaji nikampa jiwe, msasa na beseni la maji, nikamwambia asugue tu. Kompyuta nikaazima kwa mwalimu wangu wa jioni, nikaiweka kwenye kiti cha wageni chenye kitambaa cha kufuma, kisha nikahutubia.

"Mtu wa kwenye kioo achukuliwe kama yuko hapa! Mtendeeni kila kitu anachotendewa mgeni!"

"Kila kitu, katibu?" akauliza Mama Nyaboke, mke wa mwenyekiti.

"Kila kitu, mama."

Bi Salma akatokea, ushungi umemkaa vizuri, tabasamu pana. Watu wangu wakapanga foleni kumsalimia, kila mmoja akiinamia kamera, kwa hiyo salamu ya Wakisii aliyoipata yule mama ni pua arobaini. Halafu kwaya, ambayo haijawahi kukaa kimya dakika tano tangu iundwe, ikashika wimbo, misasa ikipiga mdundo.

"Mashallah," akasema Bi Salma, "mafundi wenu huchonga kwa sauti nne?"

"Ni... ni utaratibu wa kazi," nikasema.

Chakula kikaletwa, ugali, mboga ya chinsaga na kuku mzima, kikatengwa kwenye meza mbele ya kile kiti. Bi Salma akacheka, akasema leo atakula kwa macho, na kwa adabu zake za pwani akainyoosha mikono yote miwili kuelekea kamera, viganja juu, kama anayesubiri kunawa. Mama Nyaboke alikuwa amefika hapo na birika na beseni. Akaiona mikono. Akapiga goti kwa heshima. Akamimina.

Kioo kikawa cheusi tii. Kwaya ikakatikia katikati ya neno.

"Mama! Umeimwagia kompyuta!"

"Nimemnawisha mgeni. Mikono si ameitoa mwenyewe? Na wewe si ulisema kila kitu?"

"Katibu," akasema Mzee Ombati polepole, "mgeni ameenda na mabakuli."

Nikakaa chini kwenye vumbi la mawe na suti yangu ya mahafali. "Wazee wangu," nikasema, "afadhali amekatika, maana angeniuliza maswali. Nilimwandikia tuko arobaini, na sisi ni kumi na mmoja. Hawa waimbaji patasi hawaijui, tazameni yule wa besi, amesugua jiwe moja tangu asubuhi mpaka limebaki kama peremende. Na ile karakana ya kisasa niliyomwelezea ni banda la ndizi la mzee. Na aliyetia sahihi kama Mkurugenzi wa Mambo ya Nje ya Kikundi ni mimi."

"Mkurugenzi," ikaita sauti kutoka kwenye kiti.

Nusu ya kwaya ilifika barabarani (nawaambia, besi hajarudi mpaka leo).

"Picha imekufa," akasema Bi Salma, "lakini sauti ninayo yote. Hebu niambieni, hao kumi na mmoja watayamaliza mabakuli yangu kwa muda gani?"

Nikafungua kinywa niseme siku nne. Mama Nyaboke akanitia kipapatio cha kuku mdomoni, akakisogelea kiti. "Wiki sita, mwanangu. Mvua ikijaa kwenye machimbo, saba."

"Fanyeni nane, msikimbizane na jiwe. Ila kuanzia leo nazungumza nawe, mama. Huyo mkurugenzi apumzike."

Kompyuta ilianikwa juani siku tatu ikazinduka, mwalimu wangu ndiye hajazinduka. Siku hizi Bi Salma akipiga, Mama Nyaboke ndiye huongea, mimi namshikia simu palipo na mwanga, kimya kama kigingi cha mbuzi. Na kila tukitaka kula anakuja kwangu kwanza na birika, anainama, ananiuliza mbele ya kikundi kizima: "Nikunawishe nini, katibu?"

"Mikono, mama," nasema. "Mikono tu."