Weusi wa Makoti Matano

Mtaani walimwita Mama Vitambaa, naye hakukataa, maana kwa miaka thelathini na moja aliuza vitambaa vya suti katika duka la upana wa meza moja na mtu wa kujipenyeza. Alipomwachia binti yake mkasi na tepu, alikwenda kujifunza kupaka rangi za mafuta kwa mwalimu mmoja kijana, aliyekodi chumba juu ya duka la vioo.

"Nataka kuwachora ndugu zangu," alimwambia siku ya kwanza. "Kaka mkubwa anakuja mwezi wa nane, wiki mbili tu, halafu anarudi ng'ambo. Tangu tuwe watu wazima hatujawahi kukaa meza moja sote."

"Kwanza hawa, mama." Mwalimu akamwekea mbele karatasi yenye picha ya kale: wafanyabiashara watano wenye kola nyeupe na makoti meusi, wamezunguka meza. "Anza kwa kuwanakili. Nikiridhika, ndipo uwaguse ndugu zako. Huo ndio utaratibu wangu, simbadilishii mtu."

Mama Vitambaa aliwatazama wale watano kama alivyozoea kutazama wateja wanaoingia kwa kundi: huyu ndiye mwenye fedha, huyu wa kusifia tu, yule wa pembeni kaja kuharibu bei. Akawapenda papo hapo.

Sura zilikuja, kwa taabu lakini zilikuja. Makoti ndiyo yaliyomtoa jasho. Aliminya rangi nyeusi kutoka kwenye tyubu, akapaka, akaminya tena. Mwezi wa saba ukamkuta na zimwi moja lenye vichwa vitano.

"Hawa ni wa tumbo moja?" mwalimu akauliza.

"Tumbo moja na koti moja," akajibu, akakusanya brashi zake.

Alipitia dukani, akamkuta binti yake anabishana na mteja aliyeleta suruali nyeusi akitaka kitambaa cha koti kinachofanana nayo.

"Itoe nje, uione juani!" Mama Vitambaa akafoka kwa mazoea. "Suruali ina wekundu ndani, wewe unampa nyeusi yenye ukijani. Atatoka hapa kama watu wawili!"

Kisha mwenyewe akaibeba ile suruali hadi mlangoni, akaigeuzageuza juani kana kwamba ndiyo kwanza anaona nyeusi, mpaka mteja akadhani ina tundu.

Kesho yake alipanda ngazi na mfuko wa vipande: sufu, satini, bahameli, gabadini, vyote vyeusi. Akavitundika dirishani, tyubu nyeusi akaifunga. Akachanganya bluu nzito na hudhurungi, akapata weusi wa baridi. Mwingine akautia wekundu, mwingine kijani kidogo. Kwa siku tisa makoti yakaachana, na kila mzee akapata mabega yake.

Mwalimu akaja, akakuna kidevu. "Mikono bado. Huyu ana vidole kama karoti." Akainama karibu zaidi. "Lakini weusi huu wa katikati umeuchanganyaje?"

Mtu akiuliza kitu kimetengenezwaje, ujue ameshakinunua; kilichobaki ni bei.

"Mimi nami nina utaratibu wangu, mwalimu. Sitoi bure. Kaka anafika Ijumaa."

"Na mikono, mama?"

"Nitajifunzia kwa ndugu zangu. Nikiwaharibu hawatanishtaki."

"Nipe wiki mbili zaidi."

"Wiki mbili zaidi kaka yuko kwenye ndege."

Mwalimu akatazama weusi, akatazama karoti, akacheka. "Haya, waanze. Lakini kila Jumanne unarudi kwa wazee hawa, kwa muda wa saa mbili nzima, mpaka vidole vikae sawa."

"Saa moja."

"Moja na nusu."

Wakapeana mikono, ndipo Mama Vitambaa akamwonyesha mchanganyiko wake.

Jumamosi asubuhi ndugu zake wanne walipanda ngazi wakigombania nani akae katikati. Kaka mkubwa akashinda kwa umri, akaketi, akanyoosha kola.

"Mdogo wangu, usinipunguzie nywele."

"Za kupunguza ziko wapi? Kaa wima, kaka."

Dada yao wa mwisho alicheka hadi meza ikatikisika. Mama Vitambaa alingoja itulie, kisha akaanza na paji la uso la kaka yake, refu vile vile lilivyo.