Bwana Nilijua na Mashine ya Leza

Mume wa dada yangu ni mtaalamu wa kubashiri. Karakana yetu ina mashine inayotandaza unga wa chuma, laini kama poda ya mtoto, kisha mwale mkali wa leza unauyeyusha tabaka juu ya tabaka mpaka unapata kipande kizima. Mimi ndiye ninayeiendesha. Shemeji anakaa chumba cha pili, chenye feni, na kompyuta inayotakiwa kusema kipande kitapinda wapi kabla hakijachapwa. Kabla, ndivyo tulivyoambiwa.

Kumbe mwenzetu anasubiri kitoke. Anakipima, anarudi kwenye kompyuta, anaichezea namba moja, ile inayosema unga unafyonza joto kiasi gani, anaipandisha, anaishusha, mpaka mchoro wa kwenye kompyuta ufanane na kipande. Hapo anatoka kifua mbele. "Nilijua." Ndiyo maana karakana nzima inamwita Bwana Nilijua. Nyumbani ni yuleyule. Binti yao alipoteleza bafuni akateguka mguu, baba mtu alikuja na taulo mkononi, akasema alijua. Dada yangu nusura amtie hilo taulo mdomoni.

Basi wakaja watu wa hospitali. Walitaka mtu wa kuwachapia viungo bandia vya nyonga, na bila kazi yao mashine ingeuzwa, nami ningekaa nyumbani. Daktari wao, mama mmoja asiye na maneno mengi, akamkabidhi shemeji kalamu ya ubao.

"Andika kitapinda kiasi gani. Ndipo tuwashe."

Jasho lilimtoka na feni inazunguka. Akaandika: kati ya sifuri na sana.

"Chagua moja, baba," yule mama akasema.

Nikamnong'oneza, "Shemeji, cha juzi si kilinyanyuka ukingo, ukasema ulijua? Andika hivyohivyo."

"Cha juzi kilikuwa na namba yake," akanijibu, akafuta, akaandika sifuri.

Nikawasha. Hatukufika hata nusu, ukingo ukanyanyuka, ubapa wa kutandaza unga ukaugonga, mashine ikajizima. Daktari akatushukuru, akachukua mkoba wake. Mimi nilikuwa na hasira ya kumtupia mtu kiatu.

Baada ya muda wanunuzi wakaja kuibeba mashine. Nilisimama mlangoni nimenuna, viatu vyangu vya kazi viko kwenye mfuko. Shemeji huyo, mbio kutoka chumbani, kompyuta mikononi, uso unang'aa.

"Shemeji, hebu tazama. Ukiishusha ile namba kidogo tu, kipande kinanyanyuka palepale kilipogonga."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na mimi nitakula wapi sasa, hilo nalo unalijua?"

Akaitazama kompyuta, akanitazama mimi, akairudia kompyuta.

"Subiri kwanza," akasema. "Tuone utakula wapi."