Leo tumefyeka bafu ya watu

Leo kikundi chetu cha kujitolea kimefyeka bafu ya akina mama, halafu tukapiga picha mbele yake.

Nieleze.

Tangu asubuhi tulikuwa tunasafisha njia ya miguu kando ya mto Turkwel, hapa Lodwar. Tulikata mathenge, ile miti ya miiba iliyoziba njia yote. Kufikia adhuhuri, ukisimama barabarani unaona maji moja kwa moja.

Hapo ndipo shida ilipo.

Wakaja akina mama na ndoo na sabuni. Wakasimama. Mmoja akatusalimu, "Ejok," kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Nani amekata bafu yetu?"

Kijana mmoja wa kikundi akacheka.

"Cheka tu, baba. Mama yako huoga barabarani?" mama huyo akamuuliza.



Nilisimama na panga mkononi, nikingoja aibu inishike. Haikuja. Sikuhisi chochote, hata jua. (Mnaijua hiyo hali?)

Yule mama akatutazama sisi wasichana. "Basi leo nyinyi ndio miti."

Wavulana tukawafukuza. Sisi tukajipanga bega kwa bega, migongo kwa mto. Nyuma yetu maji yakaanza kumwagika, na vicheko.

"Wewe mti mrefu, sogea, naonekana!"

Nikasogea.

Wao huoga pale kila siku. Sisi kesho tunaenda Kakuma, kusafisha njia nyingine.

Mlio Lodwar, nani ana turubai la kuwasitiri akina mama hawa?