Heshima Waliyoiona Kavumu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usilainishe neno. Yule mwanasaikolojia simpendi, na anayetaka nimpende atangoja sana.

Mwanangu wa mwisho hamtazami mtu machoni. Ndivyo alivyo tangu utoto. Mvua ikipiga mabati, alijiziba masikio. Mgeni akimpa mkono, aliufuta wake kwenye kaptula. Nilimlea hivyo hivyo, akawa seremala, na vitanda vyake havilii. Majirani zetu wa Kadutu walisema ana kiburi. Niliwajibu, nao wakanyamaza. Nilichowajibu sitakirudia, maana wewe unaimba kanisani.

Alipotaka kuoa, tulikwenda Kavumu kwa wazazi wa msichana. Kwetu sisi Bashi, mkwe hainui macho mbele ya mama mkwe wake. Huketi pembeni, hutazama miguu, hupokea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, bila maneno mengi. Vijana wa leo huigiza heshima hiyo kwa taabu, macho yakichungulia kama panya wa darini. Mwanangu hakuigiza. Aliitazama sakafu tangu salamu hadi kuagana. Mama wa msichana akanishika mkono: "Maman, uyu mutoto ulimulea. Bakwe ba vile habako tena." Nilizipokea sifa, kwa kuwa zilinistahili.

Kosa lilizaliwa pale, nalo ni lao. Walidhani heshima ile ingeishia mlangoni pa ukwe. Msichana aliingia nyumbani kwangu akingoja macho yale yainuke yamwone. Hayakuinuka. Alipotenga ugali, mume aliishukuru sahani. Aliposuka nywele, mume alizungumza na mlango. Mtoto alipozaliwa, mume alimtazama masikio. Siku moja mkwe wangu alikunja vitenge vyake, akavitia kwenye mfuko, akanijia jikoni.

"Maman, narudia kwetu. Bwana yangu ananizarau. Haniangaliaka, hata nikilia."

"Njia ya Kavumu unaijua," nilimwambia. "Lakini mutoto atabaki."

Alikaa chini palepale, mfuko magotini. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, naye alilijua hilo kama mimi.

Padri wetu ndiye aliyewaelekeza kwa yule mwanasaikolojia, mwanamke mwenye ofisi nyuma ya parokia, anayesikiliza watu wa ndoa. Sikualikwa, nilikwenda. Niliketi katikati yao. Mwanamke yule, mdogo kuliko binti zangu wote, aliniomba nisogee. Nilisogea kidogo sana.

"Kama unataka kusema mutoto yangu iko mwehu," nilimwambia, "sema nikisikia."

"Hapana, maman. Haiko mugonjwa, na siko hapa ya kumugeuza. Kichwa yake inafanya kazi kwa njia yake. Akilazimishwa kuangalia macho ya mutu, maneno inamupotea. Akiangalia chini, anasikia yote."

"Hiyo kichwa niliizaa mimi. Hauwezi kunifundisha vile iko."

"Basi tuiache vile uliizaa, maman."

Mkwe wangu alicheka puani. Nilimtazama, akaacha.

Kisha mwanamke akaniomba nisimwambie tena mwanangu, "Angalia bibi yako wakati anasema." Mimi, niambiwe la kusema ndani ya nyumba yangu! Akawaagiza wao wawili wazungumze wakiwa bega kwa bega, mikono ikiwa na kazi, bila mmoja kumdai mwenzake macho. Niliondoka bila kumuaga, na hadi leo sijamuaga.

Waliketi uani na ungo wa maharage, migongo ukutani, wakichambua. Mimi nilikuwa mlangoni. Mlango ni wangu. Kokoto zilidondoka moja moja. Hatimaye mkwe wangu aliuliza, macho yake ndani ya ungo:

"Unanizarau?"

Nilifungua mdomo ili nimwamuru mwanangu amtazame. Nikaufunga, kwa hasira.

"Ile siku ya Kavumu," mwanangu aliyaambia maharage, "ulileta kasiksi. Ulivaa sapatu ya bleu. Ya kushoto ilishonwa na uzi mweupe. Ulikuwa unatembea pole, ju isikatike. Niliona ile tu. Nikajua ni wewe."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Ulikuwa unaomba macho. Mimi sina macho ya kukupa. Iko maneno."

Mkwe wangu aliendelea kuchambua. Baadaye aliingia ndani, nikamsikia akivikung'uta vitenge na kuvirudisha kwenye msumari.

Tulipokwenda tena Kavumu, mama yake alianza tena wimbo wake wa sifa: mkwe gani huyu, heshima gani hii. Nilichoka.

"Ile haiko heshima," nilimwambia. "Njo vile iko, tangu utoto. Hata bibi yake hamuangaliaka."

Uso ulimwiva. Akasema kwamba walidanganywa, kwamba binti yake abaki hapo hapo, twende zetu na kipofu wetu. Nilikuwa nimekwisha kupata jibu la kumchoma, lakini binti yake alinitangulia.

"Maman, mimi narudia kwangu. Bwana yangu iko ananisikia."

Akamfunga mtoto mgongoni, akatoka. Mwanangu alimfuata, akitazama visigino vyake. Mama mkwe hakutusindikiza. Kasiksi yake sikuimaliza, ilikuwa chachu.