Gari la Bati na Saa ya Mlimani

Gari langu halina paa. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nilificha. Wajerumani walipoliunda kwenye vita vyao waliweka mzinga mrefu kuliko gari lenyewe, wakaweka minyororo ya kutembelea, kisha walipofika kwenye sehemu ya kuwakinga watu wa ndani, nadhani kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Pembeni kuna bati. Juu kuna mawingu. Kwenye mchezo wa simu unawaona wanajeshi wake wamesimama vichwa nje kama watu waliopanda fuso la kwenda mnadani.

Kazi yake ni moja, kuwinda vifaru. Unajificha mbali nyuma ya kichaka, unapiga kombora moja, unarudi nyuma, unatulia. Ukionekana, umekufa.

Nililipata kwa kucheza miezi mitano, Jumamosi na Jumapili mchana tu, kwenye simu ya mama ambayo kioo chake kimepasuka mpaka vifaru vingine siwezi kujua ni vifaru au ni ufa. Kwa hiyo mtu akilitukana lile gari, anatukana miezi yangu mitano.

Na wa kulitukana alikuwepo. Kikosi chetu pale Rulenge kilikuwa na watu sita, wavulana watano na mimi msichana mmoja. Tulikuwa tunakutana kwenye kibanda cha mama mmoja anayechaji simu za watu na kuuza vocha. Kiongozi wa kikosi alikuwa kiranja wa kidato cha nne, aliyehamia kwa mjomba wake kutoka Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Aliendesha kifaru kizito, na yeye mwenyewe alikuwa mzito: mzito kutembea, mzito kucheka, mzito kusamehe.

Nilimchukia, na hapa sitanii. Nilichukia alivyokuwa anafuta kioo cha simu yake kwa kitambaa maalumu kabla ya kila pambano, polepole, kama padri anayefuta kikombe. Nilichukia alivyoniita Karatasi mbele ya watu, kwa sababu ya wembamba wa bati la gari langu.

Jumamosi moja tulipigwa mapambano manne mfululizo. Baada ya la nne akaweka simu mezani.

"Karatasi, ulikuwa wapi?"

"Kichakani."

"Mimi napigwa na watu watatu, wewe kichakani unafanya nini? Unachimba dawa?"

Wenzetu wakaanguka kwa kicheko. Nikangoja wamalize.

"Ulitaka nije mbele na bati hili? Mtu akipiga chafya nakufa."

"Ndiyo maana nasema hilo siyo gari. Kwetu Biharamulo Mjerumani alijenga boma. Ukuta wake ukiugonga kwa trekta, trekta ndilo linakwenda gereji. Alipofika kwenye gari lako saruji ilikuwa imeisha?"

"Boma lenu lipo mpaka leo," nikamwambia. "Mjerumani ndiye hayupo. Ukuta mnene ulimsaidia nini?"

Wakacheka tena, safari hii upande wangu, na nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Uza hilo gari, ununue kifaru kama watu wengine. Usipouza, toka kwenye kikosi changu."

Ningeweza kunyamaza. Mama yangu husema mdomo wangu utaniozesha mapema ili nyumba ipumzike. Nikasema, "Tupigane wewe na mimi, wawili tu. Ukinipiga, nauza mbele ya wote. Nikikupiga, gari linabaki na hakuna wa kuniambia kitu."

Tukapanga Jumapili ya wiki iliyofuata, saa kumi jioni. Kila mtu angecheza kutoka mahali anapotaka, kwa sababu tukikaa pamoja tunashtakiana kuchunguliana vioo. Atakayechelewa dakika kumi kuingia uwanjani ameshindwa. Muda ungehesabiwa kwa saa ya ukutani ya mwenye kibanda.

"Mimi nina saa," yule mama akasema, "sina akili ya vifaru. Saa yangu ikisema mtu hayupo, hayupo. Msije kuniletea kesi."

Sasa nieleze dhambi yangu. Bibi yangu ana shamba la maharage juu ya mlima, upande unaotazama Burundi. Pale juu kuna jiwe kubwa, na ukikaa juu yake simu ya laini mbili inakuwa kama mke wa waume wawili. Laini moja inashika mtandao wa kwetu, safi kabisa, na mchezo unakwenda vizuri. Ile nyingine inachepukia mnara wa Burundi bila kukuuliza, na saa ya simu inaifuata. Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Huku ni saa kumi, simu inakwambia ni saa tisa. Ukishuka mlima, inajirekebisha yenyewe kama haijafanya kitu.

Niliyajua hayo kwa mgongo wangu. Nikiwa darasa la sita nilishuka shambani nikijivuna kwamba nimewahi saa kumi na mbili kasoro, nikakuta watu wameshakula na mama ananingoja na mwiko, na ule mwiko haukuwa wa ugali. Kila mtoto ambaye kwao wana shamba kule juu amewahi kuchapwa na ile saa. Lakini mtu wa Nyamigogo angejulia wapi? Huko kwao simu haina jirani wa kuipotosha.

Ijumaa nikaenda kibandani nikijua kiongozi yuko ndani anachaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umenuna?"

"Nina malalamiko. Asiende mtu kucheza kule mlimani kwenye jiwe. Kule mtandao ni mkali mno. Mwenye kucheza kule atakuwa amemdhulumu mwenzake."

"Tulisema kila mtu acheze anapotaka," kiongozi akadakia kutoka ndani.

"Mama, unamsikia? Anataka kunidhulumu!"

"Mmekubaliana wenyewe," yule mama akasema. "Nenda zako."

Nikaenda zangu. Nilipopita kona ilibidi nikae chini nicheke mpaka mbuzi wa watu wakaniangalia.

Jumapili nikakaa kwenye benchi la kibanda, wale wavulana wanne wamenizunguka. Saa kumi nikaingia uwanjani. Gari langu likasimama peke yake kwenye kijiji cha theluji, na mimi theluji sijawahi kuishika. Dakika tano. Dakika nane. Wavulana wakaanza kutazamana. Yule mama akatazama ukutani, akatazama kioo changu, akasema, "Kumi zimeisha. Huyo kijana hayupo."

"Amekimbia!" mmoja akapiga kelele.

Nikakaa tu kama malaika. Saa kumi na moja kasoro dakika mbili, kiongozi akaingia uwanjani. Akaandika: "Nipo, Karatasi. Nimewahi. Uko tayari kuuza?"

Kile kibanda kilikaribia kung'oka. Mmoja alikuwa anajigonga kichwa kwenye nguzo kwa kicheko. Hakuna aliyemjibu, na baada ya nusu saa akafika mwenyewe, amekimbia mteremko mzima, shati la ibada limelowa mgongo.

"Kwa nini hamjibu? Niliingia kabla ya muda! Simu yangu ilisema saa kumi kasoro!"

"Lete tuone," yule mama akasema.

Akaitoa. Ilionyesha saa kumi na moja na nusu. Ukutani, saa kumi na moja na nusu. Akaitazama simu yake, akaitikisa, akaitazama tena. Mtu anayejua hakudanganya, na ushahidi wake unamwita mwongo mbele ya watu. Nilitakiwa nisikie huruma hapo. Nikamwuliza, "Kiongozi, au huko kwenu saa inakwenda kwa miguu?"

Hakurudi kibandani kwa wiki tatu.

Gari likabaki. Na ndani ya wiki hizo tatu nikajifunza kitu ambacho sikutaka kujifunza. Kwenye mchezo ule, mwenzako akimwona adui, adui huyo anajitokeza kwenye kioo chako pia, hata kama wewe uko mbali. Miezi yote ile waliokuwa wanaonekana kwangu waliletwa na yule mzito, anayetembea mbele kama ng'ombe dume, anapigwa, haanguki, anaonyesha. Mzinga wangu unatoboa kifaru chochote, lakini hutoboi usichokiona. Bila yeye mbele, maadui walinikuta kichakani nikiwa bado najipanga. Nilikuwa nakufa mapema mpaka bando linabaki.

"Si ulitaka gari lako?" wavulana wakawa wananiambia. "Unalo."

Hata wao walikuwa wameacha kucheka.

Jumamosi ya tatu akaja. Amevaa saa ya mkono ya mjomba wake, ile kubwa ya chuma. Hakusalimia mtu isipokuwa mwenye kibanda. Aliivua ile saa, akaiinua kando ya saa ya ukutani, zikawa sawa. Kisha akanigeukia. Nikajua amepanda mlimani nayo, akailinganisha na simu. Akajua kwamba nimejua.

"Kesho," akasema. "Saa kumi. Hapa hapa kwenye benchi, mgongo kwa mgongo."

"Nilishashinda."

"Ulishinda nini? Kuna mtu hapa ameona gari lako linapiga?"

Yule mama akaendelea kufungua waya za chaji, lakini polepole, kama anayesikiliza.

"Masharti?" nikauliza.

"Yale yale. Nikikupiga, unauza."

Ningekataa, ningekuwa nimekubali kwamba naishi kwa saa ya Burundi. Na ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu ya kumtoboa.

Kesho yake tukakaa mgongo kwa mgongo. Nilisikia kitambaa kinapita kwenye kioo chake, swi, swi, swi, na meno yangu yakauma. Kijiji kile kile cha theluji. Nikaenda kwenye kichaka cha mbali kabisa, nikasimama nyuma yake hatua kadhaa. Kifaru chake kikatokea kati ya nyumba mbili. Nikapiga. Nikarudi nyuma.

"Yewe!" mvulana mmoja akasema. "Robo imekwenda!"

Kiongozi akageuza mzinga huku na huku, haoni kitu. Nikasogea, nikapiga tena. Mgongo wake ukashtuka kwenye mgongo wangu. Nikasogea upande wa pili, nikapiga la tatu, nikavunja mnyororo wake, akabaki amesimama katikati ya theluji kama jengo la serikali. Lilibaki kombora moja la kummaliza. Moja tu, na alikuwa hawezi kusogea mpaka atengeneze mnyororo.

Mzinga wangu ulikuwa unajaza kombora. Sekunde kumi, hakuna kazi ya kufanya. Mtu mwenye akili angezitumia kurudi nyuma ya kichaka. Mimi nilifungua sehemu ya kuandika. Nikaandika: "Kiongozi, huko ni saa ngapi?"

Vitufe vya kuandikia vikafunika nusu ya kioo, na nusu iliyobaki ndiyo ile yenye ufa. Wavulana wakausoma ujumbe kwa sauti. Mmoja akaanza kucheka, kisha akakatisha.

"Subiri. Saa? Kumbe ile siku ni wewe?"

Kabla sijamjibu, kioo kikawaka. Nilikuwa nimesahau kurudi nyuma baada ya kupiga, nikabaki wazi ubavuni mwa kichaka. Alikuwa ameshatengeneza mnyororo na ameshaniona. Kombora lake la mlipuko likaingia kutoka juu, mahali ambapo magari ya watu yana paa.

Gari langu likateketea. Kiongozi akageuka, akakaa akinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuniita jina lolote.

"Uza."

Nikafungua gereji ya mchezo. Likasimama pale, bati lake, mzinga wake. Nikabonyeza uza. Mchezo ukauliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Gereji ikawa tupu.

"Wote mmeona?" nikauliza.

"Tumeona."

"Mama, umeona?"

"Nimeona. Kauza."

"Asante." Na hapo hapo, mbele yao, nikafungua duka la mchezo nikalinunua tena. Lile lile. Mchezo unanunua kwako kwa nusu na kukuuzia kwa bei kamili, kama walanguzi wa maharage, kwa hiyo fedha zote za mchezo nilizokuwa nimeweka tangu mwaka jana zikakauka hapo.

"We mtoto una wazimu!" kiongozi akasimama. "Tulikubaliana uuze!"

"Nimeuza. Nani alisema nisinunue?"

Yule mama akacheka mpaka akashika meza. Kiongozi akachukua kitambaa chake, akafuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi.

"Jumamosi," akasema bila kunitazama, "mimi nakaa mbele, wewe unakaa nyuma yangu. Na ukiandika neno lolote katikati ya pambano, nageuka nakupiga mimi mwenyewe."

"Sawa, kiongozi."

"Usiniite kiongozi huku unacheka."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeangalia ndani ya gari jipya. Linauzwa bila kombora hata moja, na fedha ya kununulia sina. Itabidi nimwombe yeye anibebe mapambano mawili matatu, nikiwa nimekaa nyuma yake na mzinga mtupu, mpaka nipate za kununua, na bado sijapata namna ya kumwambia.